Sindano ya steroidi mgongoni kwa maumivu ya siatiki: yapi ya kuhofia, yapi ya kujiandaa nayo

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, mwanamke wa miaka 54. Hii ni wiki ya saba naumwa. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kalio la kulia, yanashuka nyuma ya paja mpaka kisiginoni na kidole kidogo cha mguu. Nikikohoa, au nikikaa kusahihisha madaftari, yananipiga kama shoti ya umeme. MRI imeonyesha diski ya chini kabisa, L5-S1, imetoka na inagusa mzizi wa neva. Nimetumia diklofenaki na pregabalini, na duka la dawa la mtaani wamenichoma sindano za kalio mara kadhaa, sijui zilikuwa za nini. Sasa daktari wa mifupa ananishauri nichomwe sindano ya steroidi mgongoni. Nina kisukari, natumia metformini. Jirani ananiambia sindano hiyo inapoozesha, na shangazi yangu alivimba uso baada ya kuchomwa sindano za magoti. Madhara yake hasa ni yapi? Nikubali au nikatae?

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na pole sana kwa maumivu hayo ya neva yanayoshuka mguuni, ndiyo yaitwayo siatiki. Barua yako imejaa hofu ya sindano ambayo bado hujachomwa, lakini mimi zimenishtua zaidi zile ulizozitaja kwa kupita: sindano za kalio ambazo hujui zilikuwa za nini. Kuna uwezekano mkubwa steroidi imeshaingia mwilini mwako kabla daktari wa mifupa hajaitaja. Nitalirudia hilo hapa chini, maana ndilo litakaloamua kama uchomwe mwezi huu au usubiri.

Kwanza tujue dawa inawekwa wapi. Watu husema ni sindano ya uti wa mgongo, lakini uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski yako iko chini zaidi, ambako kumebaki mizizi ya neva tu inayoshuka kwenda miguuni. Sindano hufikishwa kwenye nafasi nyembamba iitwayo epidurali, nje ya utando unaofunika uti na maji yake, na humo huachwa steroidi, mara nyingi pamoja na dawa ya ganzi. Diski inapopasuka, ute wake haukandamizi mzizi wa neva tu. Una kemikali zinazouchokoza mpaka unavimba. Steroidi hutuliza uvimbe huo. Hairudishi diski mahali pake, na yeyote anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kipande kilichotoka mara nyingi hunywea chenyewe, mwili ukikimeng'enya taratibu kwa miezi kadhaa.

Nafasi hiyo ya epidurali madaktari wameizoea kwa muda mrefu. Sicard na Cathelin wa Paris walichoma kokeini humo tangu 1901, na steroidi ikaanza kutumika humo 1952, miaka minne tu baada ya kotisoni, ambayo ni steroidi mojawapo, kujaribiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Mayo Clinic, Marekani.

Na faida yake? Ni ndogo, na ni ya muda, ingawa sisi tunaochoma sindano hizi huwa hatulisemi hilo kwa sauti. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 25 yenye wagonjwa 2,470 wenye maumivu kama yako. Katika wiki na miezi michache ya mwanzo, waliochomwa steroidi walipungukiwa maumivu ya mguu kwa wastani wa alama 5 hivi kati ya 100 zaidi ya waliochomwa sindano ya bandia. Wastani huficha mengi, ni kweli. Yupo anayelala usingizi mzito ndani ya siku chache, na yupo asiyeona tofauti yoyote, wala hatuna njia ya uhakika ya kujua mapema wewe utaangukia wapi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa 2016, unakubali sindano hii ifikiriwe kwa siatiki mpya na kali, na unaikataa kwa wale ambao mfereji wa uti umekuwa mwembamba kiasi kwamba wakitembea kidogo lazima wakae. Kwa kundi hilo la pili, jaribio la Marekani la wagonjwa 400 lililochapishwa 2014 lilikuta kwamba baada ya wiki sita steroidi haikuongeza cha maana juu ya dawa ya ganzi peke yake. Wewe uko kundi la kwanza: wiki saba, mguu unauma kuliko kiuno, na picha inakubaliana na mahali unapoumia, kwa kuwa mzizi wa S1 ndio unaohudumia kisigino na kidole kidogo. Hilo la mwisho si dogo. Watu wengi wa umri wako wasioumwa chochote, MRI zao huonyesha diski zilizovimba.

Nimekupa hesabu hii mbele ya madhara kwa makusudi. Dawa inayookoa maisha tunaisamehe mengi. Hii inakupa nafuu ya wiki kadhaa wakati mwili unajitibu, kwa hiyo haina haki ya kukuachia ugonjwa mwingine.

Nianze na yale ninayomwambia kila mgonjwa ajiandae nayo. Siku ya sindano mguu unaweza kuwa mzito au kufa ganzi kwa saa kadhaa. Hiyo ni dawa ya ganzi, si kupooza, ila kwa saa hizo usipande bodaboda wala usirudi nyumbani peke yako. Maumivu yanaweza hata kuzidi kwa siku moja hadi tatu kabla steroidi haijaanza kazi. Wengi hukata tamaa hapo wakarudi duka la dawa kuongezewa sindano nyingine, na ndipo mambo yanapoharibika. Uso na kifua vinaweza kupata joto. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani sana, mgonjwa anahisi joto tu na kudhani ni malaria. Ukipima homa na kipimajoto kikasema huna, subiri, litapita ndani ya siku mbili tatu. Usingizi unaweza kupaa usiku wa kwanza na wa pili, presha inaweza kupanda kidogo, na wachache hupata kwikwi isiyokatika, jambo la kuchekesha mpaka likupate wewe. Kwa wanawake hedhi huweza kuvurugika. Kama wewe ulishakoma hedhi na ukaona damu wiki moja au mbili baada ya sindano, huenda ni steroidi, lakini nenda ukachunguzwe kizazi hata hivyo. Damu baada ya kukoma hedhi haiachwi kwa kisingizio cha sindano.

Ncha ya sindano ikitoboa ule utando, maji ya uti huvuja na kichwa kinauma kwa namna ya pekee: ukikaa au ukisimama kinapasuka, ukilala kinatulia. Mara nyingi hupona chenyewe kwa kupumzika na kunywa maji. Kikiendelea zaidi ya siku mbili tatu, rudi kwa aliyekuchoma, kuna tiba yake.

Sasa kisukari, maana hapa ndipo utakapoguswa karibu kwa hakika. Steroidi ikiachwa mgongoni haikai mgongoni. Sehemu yake hunywewa na damu, ikalifanya ini limwage sukari zaidi na misuli isiitikie insulini vizuri. Asiye na kisukari hupita salama bila hata kujua. Kwako sukari itapanda, kwa kawaida kuanzia siku hiyo hiyo au kesho yake, ifike kilele ndani ya siku tatu za mwanzo, halafu ishuke. Kwa wengi imerudi mahali pake ndani ya wiki moja; wachache huchukua hadi wiki mbili. Aliyezoea kusoma 8 (mmol/L) kwenye glukomita asishangae kuona 14 au 15. Tena kipimo cha alfajiri kinaweza kukudanganya, kwa sababu steroidi hupandisha zaidi sukari ya baada ya chakula. Pima asubuhi kabla ya kula, na pima tena saa mbili baada ya mlo wa mchana au wa jioni.

Kabla ya kukubali sindano, pima HbA1c. Ikiwa sukari yako ya miezi mitatu iliyopita imekaa juu sana, ni heri kuirekebisha kwanza, kwa kuwa sukari kubwa na steroidi vikikutana hufungua mlango wa maambukizi. Mwambie daktari wa mifupa una kisukari hata kama unadhani ameshaona kwenye faili. Mafaili hayasomwi yote. Muulize kama dozi ndogo inatosha. Miligramu 40 za steroidi ya methiliprednisoloni au triamsinoloni hutumika sana, na kupanda hadi 80 huongeza madhara kwa uhakika zaidi kuliko inavyoongeza nafuu. Kisha kaa na daktari wa kliniki yako ya kisukari mkubaliane mapema utafanya nini sukari ikipanda. Usijiongezee metformini kwa kukisia. Ukipata zaidi ya 15 mara mbili mfululizo, huku una kiu kali, unakojoa sana au unatapika, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nikiwa bado hapo: wiki saba za diklofenaki kwa mtu mwenye kisukari zinatosha kuniambia upime figo. Creatinine ni kipimo cha damu cha kawaida, na ukiwa unatoa damu ya HbA1c kitolewe pamoja. Pregabalini nayo ilijaribiwa vizuri Australia, matokeo yakatoka 2017, na haikuishinda dawa ya bandia kwa siatiki. Kama haikusaidii, muombe daktari aipunguze hatua kwa hatua. Usiiache ghafla.

Turudi kwa jirani. Hakutunga. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo liwekwe kwenye steroidi za sindano: zikichomwa kwenye nafasi ya epidurali zinaweza, kwa nadra sana, kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo. Ilieleza pia kwamba haikuwahi kuziidhinisha kwa njia hiyo. Madaktari huzitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu, kama zinavyotumiwa dawa nyingine nyingi.

Ni nadra, lakini si bahati nasibu tupu; ina sababu inayoeleweka. Methiliprednisoloni, inayojulikana zaidi kama Depo-Medrol, na triamsinoloni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kenalog, si maji matupu. Zina chembechembe zinazoelea, ndiyo maana kichupa hutikiswa kabla ya kuvutwa. Ncha ya sindano ikiingia kwa bahati mbaya ndani ya ateri ndogo inayolisha uti, chembe hizo huziba njia ya damu na sehemu ya uti hukosa hewa. Mgonjwa anaweza kushindwa kuinua miguu kabla hajatoka chumbani. Deksamethasoni ya sindano, steroidi nyingine, huyeyuka kabisa, haina chembe za kuziba. Visa vingi vilivyoandikwa vinahusu shingo, ambako damu ya ubongo inapita jirani, na vilivyotokea kiunoni vinahusu zaidi njia ya pembeni, ile ambayo sindano hupenyezwa kwenye tundu unakotokea mzizi wa neva. Njia hiyo ina sifa ya kufikisha dawa karibu kabisa na mzizi, na ndiyo hiyo hiyo iliyo karibu na ateri. Njia ya katikati, kati ya pingili mbili, na ile ya chini kupitia mfupa wa mkia, zina hatari ndogo zaidi ya aina hii. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililofanya kazi na FDA lilipendekeza kwamba njia ya pembeni ya kiunoni ianze na steroidi isiyo na chembe, na kwamba sindano iongozwe kwa picha ya eksirei, dawa ya rangi ikitangulia kuonyesha ncha iko wapi.

Kwa hiyo usiulize tu kama sindano inapoozesha. Uliza: mtapita njia ipi, mtatumia steroidi ipi, na mtachoma mkitazama kwenye skrini ya eksirei? Daktari anayezijua kazi hizi atakujibu bila kukunja uso. Wakikuambia watachoma kwa kupapasa tu, bila picha yoyote, tena kwa njia ya pembeni na dawa yenye chembe, kataa kwa adabu na uombe rufaa kwenda hospitali yenye mashine. Sitaki kulainisha hilo.

Pengine jirani anachanganya pia na ile sindano ya ganzi ya kujifungulia kwa upasuaji, ambayo mitaani kwetu inabebeshwa lawama za kila mgongo unaouma miaka kumi baadaye. Hizo ni habari nyingine. Ile ni ya ganzi peke yake, na huingizwa ndani ya utando, kwenye maji.

Maambukizi ni nadra vilevile, ila mfano wake unatisha kwa sababu haukuhusu mkono wa daktari hata kidogo. Mwaka 2012 kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa huko Framingham, Massachusetts, kiitwacho New England Compounding Center, kilisambaza methiliprednisoloni iliyoota ukungu. Wagonjwa wa mgongo na wa viungo katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kilihesabu wagonjwa 753, na 64 kati yao walikufa. Waliochomwa kwa ustadi na waliochomwa ovyo waliumwa sawa, kwa kuwa ubaya ulikuwa ndani ya kichupa. Kwako maana yake ni kwamba kichupa kifunguliwe mbele yako, kiwe kimetoka kwa mtengenezaji anayejulikana, kiwe hakijaisha muda, na kisiwe kimeshatumiwa kwa mgonjwa mwingine asubuhi hiyo. Kuomba kukiona si utovu wa heshima. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, warfarini au klopidogreli kwa mfano, sema kabla ya siku ya sindano, na usiziache mwenyewe. Daktari aliyekuandikia ndiye aamue, kwani damu ikivujia kwenye nafasi ile nyembamba hubana neva, na kuziacha ovyo nako kunaweza kuleta kiharusi.

Nimefika kwa shangazi, na kwa duka la dawa.

Uso wa shangazi kuvimba ukawa wa mviringo ni alama inayojulikana ya steroidi kuzidi mwilini. Huendana na mafuta kujikusanya tumboni na nyuma ya shingo huku mikono na miguu ikikonda, ngozi kuchubuka kirahisi, presha na sukari kupanda, na mifupa kudhoofika. Haiji kwa sindano moja. Huja kwa sindano zinazofuatana, zinazochomwa na watu tofauti wasioulizana: moja ya goti kwa daktari huyu, moja ya bega kwa yule, mbili za kalio mtaani, vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya pumu. Kila mmoja ametoa kidogo, mwili umepokea zote. Tena mwili ukipewa steroidi kutoka nje, tezi zilizo juu ya figo hupumzika kutengeneza zake. Sindano moja ya epidurali inaweza kuzilaza kwa wiki mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa kawaida huwezi kulihisi hilo, isipokuwa ukiugua sana au ukifanyiwa upasuaji katika kipindi hicho, ambapo mwili unahitaji steroidi yake na haipo; unachoka kupita kiasi, unatapika, presha inashuka. Ukilazwa kwa jambo lolote ndani ya mwezi wa sindano, litaje.

Ndiyo maana nataka urudi duka la dawa ukaulize walichoma nini. Mseto unaopendwa mtaani kwa mgongo ni diklofenaki, vitamini B na deksamethasoni, zikifuatana kwenye kalio. Mgonjwa hupata nafuu ya siku mbili kwa sababu steroidi imezunguka mwili mzima, halafu anarudi. Hata vidonge vya steroidi vilipojaribiwa kwa siatiki Marekani, kwa wagonjwa 269, matokeo ya 2015 yalionyesha utendaji kazi umeboreka kidogo lakini maumivu hayakupungua kuliko kwa waliopewa vya bandia. Na sindano ya kalio ina ubaya wake mwingine, kwako hasa: neva ya siatiki inapita humo humo kalioni. Panaporuhusiwa kuchomwa ni robo ya juu ya nje ya kalio. Mkono ukishuka au ukiingia ndani, dawa inaweza kumwagwa kwenye neva yenyewe. Nimeona mguu ulioanza kuning'inia siku ya sindano ya mtaani, na mgonjwa akaamini ni diski. Kama maumivu yalikuzidi ghafla palepale ulipochomwa, mwambie daktari wako, kwa kuwa hapo tatizo linaweza kuwa mbali na L5-S1.

Chunguza na unga au vidonge vya asili vya viungo kama unavyo nyumbani. Mwaka 2022 FDA ilionya kuhusu bidhaa za Artri King, zilizouzwa kama dawa ya asili ya viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Dawa ya asili inayotuliza viungo vyote usiku mmoja itiliwe shaka.

Kuna jambo ambalo sikuulizi hapa hadharani, na wewe usinijibu hapa, lakini kila msomaji anayechomwa steroidi lazima alijue. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, zile zenye ritonaviri ndani yake kama atazanaviri au lopinaviri zinazotumika kwa walio kwenye mstari wa pili wa tiba, huzuia ini kuvunja triamsinoloni na methiliprednisoloni. Sindano moja ya kawaida hukaa mwilini kwa wiki nyingi kama dozi kubwa, uso unavimba, sukari inapanda, tezi zinalala. Wanaotumia mseto wa dolutegraviri hawana mgongano huo. Mwenye kutumia za ritonaviri amwambie daktari faraghani, hata kama aibu inamzuia. Ni katika mambo machache ambayo ukimya unaweza kumlaza mtu wodini.

Hapa kwetu kuna uchunguzi mmoja ambao vitabu vya ng'ambo hukimbia juu yake. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo, na humwiga siatiki vizuri. Steroidi ikimwagwa karibu na pingili zenye kifua kikuu huupa ugonjwa nafasi ya kusambaa huku maumivu yakitulia na kumdanganya kila mtu. Kama una homa za jioni, jasho la usiku, umekonda bila kujinyima, au maumivu hayakuachi hata ukilala, sindano isubiri, na MRI yako isomwe upya kwa jicho hilo. Kadhalika minyoo ya strongyloides, inayoingilia nyayo kwa wanaotembea peku kwenye udongo wenye unyevu, huweza kuzaliana kupita kiasi mwilini mwa mtu aliyepewa steroidi. Kama umelima mpunga au bustani peku miaka yote, mtajie daktari; tiba yake ni vidonge.

Sasa kukubali au kukataa. Kwa ulivyonieleza, ningekubali ikiwa maumivu yanakunyima usingizi na kazi, HbA1c inavumilika, huna dalili za kifua kikuu, na hospitali ina eksirei ya kuongozea. Lakini kama duka la dawa wakikiri walikuchoma deksamethasoni ndani ya wiki chache zilizopita, ningeahirisha kwa wiki kadhaa na kupima sukari katikati. Na kama maumivu yameanza kupungua yenyewe, hata kwa kusuasua, ningekuacha upone bila sindano; siatiki nyingi hutulia ndani ya miezi mitatu hivi, na wewe umeshavuka nusu ya njia.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi, uwe umechomwa au hujachomwa: kufa ganzi sehemu za siri na eneo la kukalia, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, kushindwa kuzuia choo, miguu yote miwili kulegea, au mguu mmoja kuishiwa nguvu siku hadi siku. Ukiona mojawapo, nenda hospitali kubwa usiku huo huo; kinachotakiwa ni upasuaji wa haraka. Baada ya sindano ongeza kwenye orodha hiyo homa pamoja na mgongo unaozidi kuuma, ambayo yaweza kuwa usaha, hata ikitokea wiki kadhaa baadaye.

Ukikubali, omba miadi ya mwanzoni mwa wiki, ili sukari ikifika kilele kliniki ziwe wazi. Uwe na vipimo vya glukomita vya kutosha wiki mbili. Siku hiyo usibebe mzigo, na kesho yake tembea kidogo kidogo, usilale kitandani siku nzima. Andika kwenye daftari tarehe, jina la dawa na miligramu, kisha umwonyeshe kila atakayetaka kukuchoma tena.

Na usikubali kuandikiwa tatu kwa mkupuo. Utaratibu wa kuchoma tatu hata kama ya kwanza haikusaidia hauna msingi wa utafiti. Iliyosaidia ikaisha inaweza kurudiwa baada ya miezi, na kwa mwenye kisukari kama wewe ningekaa chini kabisa ya zile tatu au nne kwa mwaka ambazo wengi huziita kikomo. Ikishindwa kabisa, muulize daktari kuhusu upasuaji bila kuuogopa na bila kuukimbilia: katika utafiti wa Uholanzi wa 2007 wenye wagonjwa 283 wa siatiki, waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban asilimia 95 wakisema wamepona. Kati ya walioanza kwa kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa.